Benzi Kuukuu: Raha Yake na Gharama Yake

Mwaka 2019 mimi karani wa parokia, nisiye na duka wala shamba la maana, nilinunua Benzi. Najua wako watakaocheka. Hata Baba Paroko alicheka, naye si mtu wa kucheka ovyo. Yeye huzunguka vigango vyake vyote kwa pikipiki, na kumbe karani wake anarudi kutoka mjini ameketi ndani ya motokaa ya mawaziri!

Sikuiba, wala sikushinda bahati nasibu. Motokaa yenyewe ilitengenezwa mwaka 1983, yaani yanizidi umri kwa miaka sita. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mkubwa katika shirika moja la umma. Alipofariki, mjane wake aliiacha chini ya mparachichi kwa miaka minne, na kuku wakapata mahali pazuri pa kutagia katika kiti cha nyuma. Yule mama aliniomba shilingi 2,800,000. Kwa fedha hiyo wakati ule mtu alipata pikipiki mpya na chenji kidogo. Motokaa ndogo ya Kijapani, kama zile zinazojaa barabara zetu siku hizi, ingenigharimu zaidi ya mara mbili.

Basi nikanunua. Mke wangu, Mama Neema, alikubali kwa sharti moja: liwepo daftari, na kila senti itakayoingia katika motokaa hiyo iandikwe humo. “Wewe ni karani,” alisema, “kuandika ndiyo kazi yako.” Haya ninayowaeleza nayatoa katika daftari hilo, isipokuwa ukurasa mmoja ambao nitausema baadaye.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa Benzi ni nini. Katika nchi zetu hizi, muda mfupi tu baada ya uhuru, watu walibuni jina “Wabenzi” kwa wale wakubwa wapya waliokalia viti vya nyuma vya motokaa hizo huku wenzao wakitembea kwa miguu. Neno hilo lilienea mpaka Wazungu wakaliandika katika vitabu vyao. Nadhani hakuna motokaa nyingine duniani iliyopata kuwa kabila.

Ile niliyonunua ni ya aina ambayo mafundi huiita “moja mbili tatu”, kwa kuwa kiwandani ilipewa namba 123. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1976 ikaishia mwanzoni mwa 1986, na zilitoka karibu milioni 2.7. Yangu ni 240D, ya dizeli, yenye silinda nne na nguvu za farasi 72 tu. Msishangae, ni 72 kweli, kwa motokaa yenye uzito wa kilo 1,400 hivi. Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa huchukua zaidi ya sekunde ishirini, na mimi nikipanda nayo mlima hupitwa na basi, hupitwa na lori tupu, na siku moja nilipitwa na bodaboda aliyebeba kitanda. Huko Ujerumani kwenyewe motokaa hii ilikuwa teksi. Kule Moroko zilifanya kazi ya teksi za safari, zikibeba abiria sita sita, mpaka serikali ilipoanza mwaka 2014 kutoa ruzuku ili wenyewe wanunue mpya. Tena yuko Mgiriki mmoja, Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi, aliyekuwa na 240D ya mwaka 1976, ya mtindo uliotangulia huu wangu. Aliiendesha hadi kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 akawarudishia wenye kiwanda waiweke katika nyumba yao ya makumbusho. Nikimsimulia fundi wangu habari hii huniambia: “Mwalimu, huyo Mgiriki hakupita barabara yetu ya kigangoni.”

(Huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu chuoni. Ajira ilichelewa, parokia ikanipa kalamu.)

Sasa niseme raha yake, maana ipo. Asubuhi ya baridi ya Iringa, mwezi wa Juni au Julai, unazungusha ufunguo nusu, unangoja taa ndogo ya njano izimike, maana plagi zinapasha moto chumba cha dizeli kwanza. Ukiwasha kabla ya hapo utachosha betri bure. Ikishawaka, sauti yake ni kama ya mashine ya kusaga iliyo mbali. Mlango hufungwa kwa kusukumwa kidogo tu nao husema “tup”, kama mlango wa sanduku la fedha. Viti vina chemchemi ndani kama kitanda cha zamani, na mashimo ya barabara ambayo katika daladala yangekuumiza kiuno, humo unayasikia kwa mbali. Mabibi wawili wa jumuiya yetu, ambao miguu haiwafikishi tena kanisani, huwachukua kila Jumapili. Mmoja wao huketi nyuma kimya, mkoba magotini, akiangalia nje. Nilimwuliza siku moja kama anajisikia vibaya. Alinijibu: “Hapana, mwanangu. Nawaangalia wanaoniangalia.”

Askari wa barabarani nao! Si wote, lakini wako wanaonyosha mgongo kabla ya kuona namba. Kisha wanaona herufi A baada ya zile tarakimu, na mgongo unalegea. Msomaji ajua kwamba kwetu Tanzania motokaa huhesabiwa umri kwa herufi ya namba yake, na mwenye A ni mzee wa kijiji.

Lakini heshima hiyo ina bei yake, na hakuna aliyenionya. Mwezi wa kwanza tu nilialikwa katika harambee ya kigango. Msoma majina alipofika kwangu alinyamaza kidogo, akatazama nje kupitia dirishani, akasema kwa furaha: “Na sasa mwenye Benzi!” Nilikuwa na shilingi elfu tano mfukoni. Niliahidi elfu hamsini, nikailipa kwa miezi mitatu. Ndugu wa mbali ambao hawakupata kunijua wakati wa baiskeli walianza kunijua. Mtoto wa binamu yangu alifukuzwa ada, nikapigiwa simu mimi kwanza. Ukiwaambia watu kwamba motokaa hii ni ya bei ya pikipiki hawaamini, wanadhani ni unyenyekevu. Katika daftari nimeyaandika haya chini ya “Matumizi ya sura”, na mwaka wa kwanza yalifika shilingi 410,000, ambayo hakuna gereji iliyoyapata.

Gereji zilipata zake. Hapa pana jambo ambalo kila atamaniye motokaa kuukuu ya kifahari hana budi kulielewa kabla ya kutoa fedha. Bei ya motokaa hushuka mwaka hata mwaka, kwa sababu wakubwa hawaitaki tena. Bei ya spea haishuki vivyo hivyo. Ukinunua kwa bei ya mtumba, spea hazijui kama wewe ni karani. Zenyewe zinadhani bado zinamtengenezea waziri.

Tena chuma chake si taabu. Injini ya motokaa hii, ikipata oili safi na valvu zikipimwa na kurekebishwa kila baada ya kilomita 24,000 hivi, itakuzika. Taabu ni mpira. Mpira huzeeka hata motokaa ikiwa imelala chini ya mparachichi, pengine zaidi ikiwa imelala. Bushi za mbele, bushi za nyuma, mpira wa kushikia injini, ule mpira mviringo unaounganisha gia na shafti, mabomba ya maji, mabomba ya breki, mpira wa vioo: vyote hivi vilikuwa na miaka thelathini na sita nilipoinunua, na vyote viliamua kufa katika mwaka mmoja. Daftari lasema: bushi na mikono ya mbele 380,000, mpira wa shafti na beringi yake 145,000, mabomba 90,000, breki 260,000, tairi nne 520,000, betri 230,000, nozeli na kupimwa kwa pampu ya dizeli 300,000. Vitu vidogo vidogo sivitaji. Mpaka Desemba 2020 jumla ilikuwa shilingi 2,640,000. Kwa hiyo, msomaji, nilinunua motokaa ile mara mbili. Yeyote anayekuambia kwamba alinunua Benzi ya zamani kwa bei fulani, mwulize: mara ya kwanza au ya pili?

Nilijifunza pia kwenda kununua spea. Usiende dukani na motokaa yenyewe. Iache mbali, nenda kwa miguu, vaa shati la kazi, na kile chuma kibovu kifunge katika kitambaa. Juu yake pana namba iliyogongwa kiwandani, na za aina yangu nyingi huanza na A na 123. Nakili namba hiyo. Ukisema tu “nataka spea ya Benzi”, utapewa bei ya Benzi. Ukisoma namba, muuzaji anajua huyu si mgeni. Huko Kariakoo, mitaa ya Gerezani, nimepata kwa elfu arobaini kitu nilichotajiwa laki moja na ishirini asubuhi ya siku ile ile, kwa sababu tu niliporudi mara ya pili nilikuwa na namba katika karatasi, na nilikuwa nimevua tai.

Jambo moja la kuchekesha nisiliache. Motokaa ya petroli ukizungusha ufunguo unakata cheche, injini inakufa. Dizeli haina cheche. Benzi hii huzimwa kwa mvuto wa hewa: pampu ndogo katika injini hunyonya hewa, na ufunguo ukizungushwa, mvuto huo huenda kukata mafuta. Mvuto uo huo ndio unaofunga makufuli ya milango yote minne, na buti, na hata kifuniko cha tangi, kwa vijibomba vyembamba vilivyofichwa chini ya mazulia. Sasa siku ya mazishi ya mzee mmoja maarufu nilifika nimechelewa, nikasimama karibu na kaburi, nikazima. Injini haikuzimika. Nikatoa ufunguo, nikautazama mkononi, injini ikaendelea kunguruma. Padre alikuwa amefika mahali pa kunyamaza. Watu mia tatu wamenyamaza, na Benzi yangu peke yake inasema. Nilifungua boneti kwa mikono inayotetemeka, nikatafuta ile wenzo ndogo iliyoandikwa STOP, nikaisukuma, kukawa kimya. Mjane akasema kwa sauti ya chini, lakini tulisikia sote: “Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo, hakunyamaza upesi.”

Fundi alitafuta siku mbili. Kasoro haikuwa katika injini. Kipande cha mpira mwembamba ndani ya kufuli la mlango wa nyuma kilikuwa kimepasuka, hewa inaingia hapo, mvuto unapungua kote. Nilinunua kufuli kuukuu kwa 15,000. Motokaa hizi ndivyo zilivyo: mlango ukiugua, injini haisikii.

Sasa nifike kwenye ule ukurasa.

Novemba 2021 nilikwenda Morogoro kumleta mama mkwe, aliyekuwa ametibiwa macho. Wiki mbili kabla, kifuniko cha rejeta kilikuwa kimechoka. Fundi aliniambia ninunue cha asili. Mimi nikaona cha asili ni elfu arobaini na tano, na cha kuiga ni elfu nane, na kwa macho vyafanana. Kifuniko si kifuniko? Kumbe kazi yake ni kushikilia shinikizo ili maji yasichemke upesi, na kile cha elfu nane kilikuwa kinafunika tu.

Tulipita Mikumi salama, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, tukaanza kupanda Kitonga jua linazama. Anayeijua Kitonga anajua: mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, kona juu ya kona, na malori yanapanda kwa mwendo wa konokono. Nilikuwa nyuma ya lori, kwa gia ya pili. Mshale wa joto ulipanda. Nikaona, nikajiambia nitafika juu. Hilo ndilo kosa, si la kifuniko, ni langu. Ningesimama pale pale, gharama ingekuwa maji na saa moja. Nilipoona mvuke mweupe ukitoka mbele, gasketi ilikuwa imekwisha kuungua. Mama mkwe, kitambaa kingali jichoni, aliuliza kama tumefika.

Dereva wa lori mmoja, Mungu ambariki popote alipo, alisimama, akanizuia nisifungue rejeta, akatuvuta kwa mnyororo hadi Ilula usiku. Asubuhi injini ilifunguliwa. Fundi alisema nilikuwa na bahati: kichwa cha silinda cha injini hii ni cha chuma kizito, hakikupinda. Katika motokaa za baadaye ni alumini, nacho kingepinda kama kifuniko cha sufuria. Hata hivyo, gasketi, oili, mabomba, kazi, na kuvutwa, jumla 870,000.

Sikuwa nayo. Nyumbani palikuwa na 900,000, fedha ya kikoba cha Mama Neema, imewekwa kwa ajili ya mabati. Kuta zetu za tofali za kuchoma zilikuwa zimesimama tangu Agosti zikingoja paa, na mimi ndiye niliyepewa fedha hiyo niipeleke dukani. Niliilipa gereji. Nikarudi na motokaa inayonguruma vizuri sana, nikasema bei ya mabati imepanda, tungoje kidogo. Na katika daftari, mimi karani, sikuandika neno.

Wiki tatu nililala vibaya. Mwisho niliandika, tarehe ya kweli, fedha ya kweli, na ilikotoka, nikaliacha daftari wazi mezani, maana ulimi ulikuwa mzito. Mama Neema alilisoma, akalifunga, akaenda kuteka maji. Siku mbili hakusema nami ila ya lazima. Siku ya tatu ilinyesha mvua kubwa ya Desemba. Ukuta wa upande wa jikoni ulikunywa maji usiku kucha, na alfajiri tulisikia unaanguka. Tulikwenda kuutazama tukiwa na mwavuli mmoja. Alisimama kitambo, kisha akaniambia bila kupandisha sauti: “Baba Neema, sasa andika na ukuta.”

Niliandika. Tofali 600, saruji, fundi, kibarua: 265,000.

Tangu siku ile sheria ni moja, na hakuitunga mimi. Motokaa ina kopo lake. Senti ya nyumbani haiingii humo, na mwenye funguo za kopo ni Mama Neema. Kopo likiwa tupu, Benzi inakaa, nasi tunatembea. Kopo hujazwa na arusi. Mabibi arusi wengi, hata wale wenye ndugu wenye motokaa za kisasa, wanataka kushuka mlangoni pa kanisa kutoka katika Benzi ya zamani yenye riboni. Tunatoza 70,000, na dizeli ni yao. Mwaka 2022 arusi zilikuwa kumi na tisa. Motokaa ililipa rejeta mpya, ikamlipa fundi deni lake, na nyingine tukaikopesha nyumba. Paa liliezekwa Julai 2023.

Wako vijana wanaokuja kuniuliza kama nao wanunue, na wengi hawaulizi habari ya motokaa kama yangu. Wanataka zile kubwa za miaka ya 2000, zenye vioo vya giza, ambazo siku hizi nazo bei yake imeanguka. Nawaambia waangalie sana. Nyingi zimelalia mifuko ya hewa badala ya springi. Mpira wa mfuko ukitoboka, motokaa hushuka usiku polepole, na asubuhi unaikuta imelala tumbo chini kama ngamia. Jirani yangu anayo moja, ya Kiingereza, imelala hivyo tangu mwaka juzi. Mifuko minne na pampu yake ni bei kubwa kuliko aliyonunulia motokaa. Tena zina kompyuta kila mahali, na fundi wa kijijini hawezi kuisikiliza kompyuta kwa bisibisi sikioni kama anavyoisikiliza injini yangu. Kama ni lazima uwe na ukubwa uliochakaa, tafuta ule uliochakaa kabla ya umeme mwingi. Na uingie chini yake na tochi kabla ya kuingia ndani na fedha.

Hilo la tochi nalisema kwa sababu yangu mwenyewe sikuitazama vya kutosha. Mwezi uliopita mkeka wa nyuma upande wa kushoto ulikuwa umelowa. Niliuinua, nikaona barabara. Kutu imekula sakafu kiasi cha sahani ya wali. Fundi wa kuchomelea anataka 480,000, kwa sababu ni lazima akate mpaka afike chuma kizima. Kopo lina 215,000. Nilimtazama Mama Neema, naye akatazama kopo.

Jumamosi ijayo iko arusi kigangoni. Nimewaambia waje na dizeli lita kumi, na bibi arusi aketi kulia.